Kiboko Niliyemchonga Mimi

Ifakara, Jumapili, baada ya misa ya pili

Mwanangu Editha,

Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako Viwanja Sitini, na najua hutarudi kabla jua halijapungua, kwa sababu shangazi yako hajui kumwacha mtu aondoke. Vizuri. Nimepata saa mbili tatu za kukaa na karatasi bila wewe kuniambia, "Mama, mbona unakuza mambo." Ninayakuza, ndiyo. Nitayakuza hapa mpaka karatasi iishe, kisha barua hii nitaiweka katikati ya nguo zako. Uisome ndani ya basi au ukifika Iringa, shauri yako.

Sitaandika habari za kula, kulala, kuvaa sweta na kutompa namba yako kila anayeiomba. Hayo shangazi yako anakuambia sasa hivi, na atakuambia mara tatu. Sitaandika pia kwamba umefungasha jozi nne za viatu na ukaacha mezani tupa ya kunolea mkasi. Nimeitia mwenyewe begini, ndani ya kiatu kimojawapo. Ukichomwa, usiniulize.

Nataka tuzungumze habari ya simu ya Alhamisi.

Nilikuambia kwamba meneja wa hoteli ya Iringa alipiga, na kwamba anakusubiri Jumanne uanze kazi ya bustani. Hiyo ni nusu ya habari. Wewe ulikuwa bombani, simu yako inachaji chumbani kwangu. Ikaita, nikapokea. Mwanamume mwenye adabu, anaongea taratibu.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye mama yake Editha?"

"Marahaba. Ndimi."

"Hongera sana, mama. Tumemwona yule kiboko wake. Ile picha ndiyo iliyomfanya mwenye hoteli aseme tusitafute mtu mwingine."

Kiboko wake. Nilikuwa na mwiko mkononi, nikauweka juu ya kitanda changu na uji wake, ndiyo maana ulikuta nimefua shuka siku isiyo ya kufua.

"Amemchonga kwa muda gani?" akauliza.

"Miaka sita," nikasema. Ilinitoka tu, kwa sababu ni kweli.

Nilimsikia anahesabu. "Kwa hiyo alianza akiwa na miaka kumi na sita?"

"Ndiyo."

"Ana kipaji huyu binti."

"Anacho," nikasema.

Basi. Maneno machache, nikakupa miaka sita ya mgongo wangu, na nikamdanganya mtu aliyeniamkia vizuri. Jioni nilipokuuliza ulituma picha gani, ukanionyesha bila hata kuona haya. Ukasema, "Mama, ni picha tu. Niliandika 'kazi zetu'. Sikusema ni yangu. Wao wameelewa walivyoelewa." Halafu ukarudi kuchagua viatu.

Editha, yule kiboko mimi namjua kuliko ninavyoijua sura yangu. Nilipoajiriwa kutunza bustani ya ukumbi wa sherehe, pale palikuwa na miche tisa ya duranta iliyopandwa ovyo na mtu asiyejua anataka nini. Nikaizungushia waya, nikafunga matawi kwa kamba za katani, nikasubiri mgongo ufumbane, nikakata, nikasubiri tena. Katika bonde hili, ukikata Jumatatu, Ijumaa tayari kiboko ameota ndevu. Masika yote nakata huku mvua inanipiga. Kila Jumamosi maharusi wanakuja kupiga picha, na kila Jumamosi kuna mjomba fulani aliyekwisha kunywa anayetaka kumpanda mgongoni. Nimemtengeneza mgongo huo mara nne. Mwaka ule walipomtundikia maputo na kumpulizia rangi ya dhahabu kwenye pua, nilikaa chini nikalia, nawe ukacheka, halafu ukaleta maji ya sabuni tukamwosha jani kwa jani.

Masikio ni yako. Hilo sitakunyang'anya. Nilishindwa masikio miezi mingi, yanatoka kama ya sungura, wewe ukapanda ngazi baada ya shule ukayapata kwa mchana mmoja. Lakini masikio si kiboko.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba hukuhitaji kudanganya. Ule ua unaozunguka ukumbi, kutoka getini mpaka nyuma jikoni, ni wako peke yako. Unavuta uzi, unakata, na mtu akiweka glasi ya maji juu yake haimwagiki. Mimi sijawahi kukata ua namna hiyo maishani mwangu, na nimeshika mkasi tangu wewe ukiwa mgongoni. Ungetuma picha ya ua. Lakini hapana, ua hauna macho, ua hauchekeshi watu kwenye simu, basi ukatuma kiboko wa mama.

Sasa nikae niwe mama mtakatifu nikuhukumu? Siwezi. Kuna jambo sijakusimulia kwa miaka ishirini na moja, na nimechoka kulitunza.

Ulikuwa na mwaka mmoja. Baba yako alikuwa ameshaenda Mlimba kutafuta kazi, na unajua alikoishia, kwa mwanamke mwingine, hayo tuyaache. Nilipata kazi ya kufagia kwenye nyumba ya wageni ya mfanyabiashara mmoja hapa mjini. Nyumba ile haipo tena, ilishavunjwa. Mtunza bustani wake alikuwa Mzee Damasi, Mndamba wa Masagati, mtu mwembamba, mpole, anayevaa kofia ya sufu hata kwenye joto letu hili. Alikuwa amechonga tembo. Alimchonga kwa misaipresi, miti ya baridi, aliyoileta kutoka milimani Mahenge ikiwa midogo kama vidole. Kila mtu alimwambia misaipresi haitakua Ifakara. Akaipigania kwa maji na kivuli miaka kumi na miwili mpaka tembo akasimama pale mbele ya geti, mkonga juu, na watu wakawa wanasimamisha baiskeli kumtazama.

Alinipenda kama mwanawe. Alikuwa ananiacha nikate ua wa michongoma wa nyuma, wewe ukiwa umelala mgongoni, na ananiambia, "Polepole, Paskalina, mti haukimbii." Nami nilitaka sana kumgusa tembo. Kila siku nilimwomba. Kila siku alisema bado.

Ukaja msiba kwao Masagati, katikati ya kiangazi. Akaniaga akaniambia, "Mwagilia kila jioni. Tembo usimguse mpaka nirudi." Nikaitikia. Wiki hiyo hiyo mwenye nyumba alikuwa anaandaa harusi ya binti yake. Akapita getini akamtazama tembo, akasema, "Mbona ana manyoya? Hakuna mtu wa kumnyoa huyu?" Alisema vile anapita, kama mtu anayesema jua ni kali leo. Nikajibu, "Yupo, mzee."

Editha, nilimkata saa saba mchana. Nilitaka mwenye nyumba akirudi kutoka dukani aone. Nilitaka kusifiwa, sina namna nyingine ya kukuambia. Nilikata upande mmoja wote, kwa nguvu, ndani kabisa, mpaka nikafika kwenye matawi makavu ya kahawia yasiyo na majani. Sikuogopa, kwa sababu mimi nimezaliwa kwenye bonde hili, na hapa hata kijiti ukikichomeka ardhini kinaota. Nilijua majani yatarudi. Hakuna aliyeniambia kwamba msaipresi ukiukata mpaka kwenye kahawia hauchipui tena. Yaani alikuwepo wa kuniambia, na aliniambia nisiguse.

Ndani ya siku tano upande ule ulikuwa kama ngozi ya mbwa mwenye ukurutu. Nao ndio upande wa geti.

Mzee Damasi alirudi siku moja kabla ya harusi. Alishuka na kifurushi chake, mwenye nyumba akamkuta pale pale. "Nani amefanya hivi?" Mimi nilikuwa hatua kumi, na ndoo ya maji, nawe mgongoni unanivuta kitambaa cha kichwa. Mzee Damasi alimkaribia tembo, akashika tawi moja lililokatwa, akaligeuza, akalitazama kwa karibu. Kisha akasema, "Bustani ni yangu, mzee. Kikiharibika kitu ni juu yangu."

"Basi fungasha uende na bustani yako."

Nikasema moyoni, akifika chumbani nitamfuata mwenye nyumba nimwambie. Mzee akafika chumbani. Nikasema, akitoka na mzigo nitasema. Akatoka na mzigo. Alisimama getini muda mrefu anafunga na kufungua kamba ya mzigo ule, mimi namwagilia michongoma ambayo nilikuwa nimeshaimwagilia. Halafu akaondoka. Wiki iliyofuata nikapewa mkasi wake na kazi yake.

Unanijua, mimi si mtu wa kulia kanisani. Lakini kwa miaka minne kila nilipofika kwenye kiti cha kitubio nilisema dhambi nyingine zote nikaiacha hiyo, nikijiambia si dhambi, ni hali ya maisha, nina mtoto. Tembo mzima alikauka mwaka wa pili, wakamng'oa, wakaweka tangi la maji. Nami kila nilipopita pale nilikuwa nakasirika. Nakasirikia tangi, nakasirikia misaipresi, nakasirikia Mahenge. Ulikuwa mdogo, hukuelewa kwa nini mama yako anafoka hovyo. Mengi ya makofi uliyokula miaka ile hayakuwa yako. Hilo nalo nilikuwa nadaiwa kukuambia.

Ulipofika miaka mitano nilikuacha kwa shangazi yako nikaenda Masagati. Treni mpaka Mlimba, kutoka hapo juu ya lori la mpunga, na sehemu ya mwisho kwa miguu kwa sababu lori lilikwama na dereva akaamua kulala. Sikuuliza sana njia. Nilipoona ua wa michongoma umekatwa sawasawa kama ukuta, katikati ya kijiji ambacho kila mtu analima mpunga na mahindi na hana haja na ukuta wa majani, nikajua nimefika. Pande mbili za mlango alikuwa amechonga kuku wawili. Mkewe alikuwa anapepeta mchele nje. Akanitazama ninavyowatazama wale kuku, akasema, "Wewe nawe ni wa ugonjwa huu? Ndege wanamaliza mpunga wangu, yeye anakata manyoya ya kuku wa majani."

Mzee akatoka. Alikuwa amepungua, lakini kofia ni ile ile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Paskalina. Mtoto ameshatembea?"

"Anakimbia, mzee. Ataanza shule."

"Vizuri. Karibu kiti."

Sikukaa. Nilikuwa nimejizoeza maneno njia nzima juu ya lori, yakapotea yote. Nikasema, "Tembo nilimkata mimi."

"Najua," akasema.

"Unajua vipi?"

"Majani yalikuwa yametafunwa. Mkasi ule ni wa mkono wa kulia, wewe unaushika kwa kushoto. Mabapa yanaachana, hayakati, yanatafuna. Niliona tawi la kwanza tu nikajua."

Nilidhani nitapiga magoti nimshukuru. Badala yake nikapandwa na hasira. Miaka minne silali vizuri, kumbe mtu alijua tangu dakika ya kwanza. Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa ya heshima, "Sasa kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa na mtoto mgongoni," akasema. "Na nilikuwa nakusubiri useme mwenyewe. Nilifunga ule mzigo mara ngapi pale getini? Ulikuwa mzigo wa shati mbili, Paskalina."

Mkewe aliacha kupepeta.

Nikauliza kama amenisamehe. Akafikiri kwanza, alikuwa mtu wa kufikiri kwanza. Akasema, "Nilikusamehe mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza nilishindwa. Nilikuwa na hasira mpaka kulima sikuweza, muulize huyu mama." Na yule mama akasema, kwa uchungu ambao mpaka leo nausikia, "Tulikula kwa ndugu mwaka mzima."

Hicho ndicho sikuwa nimekifikiria hata siku moja. Nilikuwa nimefikiria aibu yangu, usingizi wangu, kitubio changu. Kwamba kulikuwa na mwanamke Masagati aliyebeba bakuli kwenda kwa ndugu kuomba unga, kwa sababu mimi nilishindwa kusema neno moja na ndoo mkononi, hilo halikuwa limenijia kabisa.

Nilikaa kwao siku tatu. Nilimsaidia mama kufukuza ndege shambani asubuhi, na alasiri mzee alinifunza kukata kwa mkono wa kulia. Utoto wako wote uliniuliza kwa nini nakula kwa kushoto na kukata kwa kulia, nikakujibu hovyo. Jibu ndilo hilo. Nilikuwa mgumu, mkono unatetemeka kama wa mtoto wa chekechea. Siku ya tatu nikamkata kuku mmoja mzima, mzee akamzunguka, akamtazama, akasema, "Bado una haraka." Alifariki miaka miwili baadaye, na mkewe ndiye aliyenitumia habari, jambo ambalo hakulazimika kulifanya.

Sasa, Editha, kuhusu Iringa.

Hapa kwetu mvua na joto vinatufichia makosa. Ukikata vibaya, baada ya wiki mbili hakuna anayejua. Nafikiri ndiyo maana sisi watu wa bonde ni wavivu wa kukiri. Kule ni baridi, na bustani yao imejaa misaipresi, mwenyewe uliniambia. Watakupeleka mbele ya mti siku ya kwanza au ya pili na watakuambia, tufanyie kama yule kiboko. Utasimama pale na mkasi, na hutajua, kwa sababu hujawahi kuanza umbo lolote kutoka mwanzo, wala hujawahi kushika msaipresi. Utaona aibu kuuliza, maana mtu aliyemchonga kiboko haulizi maswali ya namna hiyo. Kwa hiyo utakata. Namwona mtu huyo kabisa, kwa sababu nilikuwa mimi.

Mwambie meneja Jumanne, kabla hujagusa chochote. Mwambie kiboko ni wa mama, masikio na ua ni yako. Sitampigia mimi kukutangulia. Jana nilishika simu mara mbili nikairudisha. Mzee Damasi alininyamazia, nami nikaipoteza nafasi aliyonipa; sitaki kukupokonya yako kwa kuropoka. Lakini ukimaliza kusema yako, mpe simu niseme yangu, kwamba Alhamisi nilimdanganya. Uongo ule ni wangu, usiubebe pamoja na viatu vyako vyote vile.

Inawezekana atacheka, akakuweka kwenye ua miezi mitatu akutazame. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo, na ukishaukata ule ua wake hatakuachia tena. Inawezekana pia atakasirika akasema panda basi urudi. Sikufichi, inawezekana. Na ikiwa hivyo itaniuma, maana nimeshawatangazia akina mama wote wa jumuiya kwamba unakwenda, nami nitalazimika kuwaeleza mmoja mmoja.

Lakini uje. Usikae Iringa kwa shoga yako ukiona haya kurudi, na usinitumie ujumbe mrefu wa maelezo, njoo tu. Nitakasirika siku mbili, pengine tatu ukija na zile kauli zako. Siku ya nne tutakwenda Kisawasawa. Kuna shule kule wameniomba niwakatie ua, haujaguswa tangu mvua zilizopita, na mwalimu mkuu anasema ni mrefu kuliko yeye. Peke yangu siuwezi.

Mama yako,
Paskalina